Vali mpya ya moyo bila kupasuliwa kifua: ni nani anayefaa?

Mama yako ana umri wa miaka 78. Mwaka jana alikuwa akitoka kanisani hadi nyumbani kwa miguu bila kupumzika, lakini siku hizi hulazimika kuketi mara mbili njiani. Juzi alianguka jikoni akazimia kwa muda mfupi, kisha akaamka akiuliza ni kwa nini mmemzunguka. Mkasema ni uzee. Jirani akasema ni presha. Katika zahanati alipewa dawa ya pumu kwa sababu alikuwa akihema, na hakupata nafuu yoyote.

Hatimaye daktari mmoja akamwekea kile kifaa cha kusikilizia kifuani, akatulia kidogo, akasikiliza tena upande wa kulia wa kidari na chini ya shingo. Akawaambia kuwa moyo wa mama unavuma, na kwamba yamkini mojawapo ya vilango vyake haifunguki sawasawa. Picha ya moyo ilipopigwa ikathibitisha hayo. Sasa mmeambiwa kuna njia mbili: kupasuliwa kifua, au kuwekewa vali mpya kupitia mshipa wa paja bila kupasuliwa. Njia ya pili inasikika kama muujiza. Bei yake nayo inasikika kama ya shamba zima.

Ikiwa wewe msomaji umo katika hali kama hiyo, au ikiwa mgonjwa ni wewe mwenyewe, makala haya yatakusaidia kuelewa ni nini hasa unachoelezwa, na ni maswali gani ya kuuliza kabla ya kuitisha harambee.

VILANGO VINNE

Moyo wa binadamu una vali nne, yaani vilango vya ngozi nyembamba vinavyofunguka kupitisha damu na kufunga ili isirudi ilikotoka. Kila kimoja hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku. Vali mbili ndizo zinazoleta taabu nyingi zaidi. Ya kwanza ni vali ya aota, iliyo kwenye mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kuingia mshipa mkuu wa mwili. Ya pili ni vali ya mitrali, iliyo katikati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo.

Vali huharibika kwa namna mbili. Inaweza kuwa ngumu na nyembamba, damu ikapita kwa shida kama maji katika mfereji uliozibwa na taka. Au inaweza kulegea isifunge vizuri, damu ikawa inavuja na kurudi nyuma. Kuna wagonjwa wenye matatizo yote mawili katika vali moja.

Hapa ndipo ni lazima nikuombe usome polepole, kwa kuwa watu wengi huchanganya magonjwa mawili ambayo hayafanani, na tiba ya mmoja haimfai mwingine.

Kwa wazee, ugonjwa wa kawaida ni ule wa vali ya aota kukusanya chokaa. Miaka inavyopita, chembe za kalisi hujikusanya juu ya ngozi ya vali hadi ikakakamaa. Mlango ambao kwa kawaida una upana wa sentimita mraba 3 hadi 4 hupungua, na ukifika chini ya sentimita mraba moja, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Mtu aliyezaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu huweza kupatwa na hali hii mapema zaidi, hata akiwa na miaka 50.

Kwa vijana wa nchi yetu, kisa ni kingine. Mtoto wa miaka kati ya mitano na 15 huugua koo kutokana na bakteria aina ya streptokokasi. Koo haitibiwi vyema. Baada ya wiki mbili au tatu viungo huvimba na kuuma, homa ikapanda, kisha yote yakaisha na mtoto akarudi shuleni. Hiyo ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kinga za mwili zilipokuwa zikipigana na bakteria zilishambulia pia vali za moyo, hasa ya mitrali, na kila homa hiyo inaporudi kovu huongezeka. Miaka 10 au 20 baadaye, msichana huyo akiwa na mimba yake ya kwanza, anashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, na ndipo ugonjwa unapogunduliwa.

Hospitali zetu huwaona wagonjwa wa aina zote mbili. Lakini ile vali inayopitishwa pajani, ambayo umesikia habari zake, ilibuniwa kwa ajili ya wa kwanza, yule mzee mwenye chokaa kwenye aota. Ajabu ni kwamba chokaa hiyo hiyo inayomwua ndiyo inayoishikilia vali mpya isiteleze.

JINSI ILIVYOANZA

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kubadilisha vali ila kufungua kifua. Vali bandia za kwanza kuwekwa ndani ya moyo na kuleta mafanikio zilikuwa za mwaka 1960 nchini Marekani. Mojawapo ilibuniwa na daktari Albert Starr akishirikiana na mhandisi Lowell Edwards. Ilikuwa kijitufe ndani ya kizimba cha chuma, kikipanda na kushuka kila moyo unapopiga. Ilifanya kazi. Watu waliokuwa wakisubiri kufa walirudi nyumbani.

Lakini upasuaji huo si mchezo. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kuanzia juu hadi chini, moyo husimamishwa, na damu husukumwa na mashine hadi kazi iishe. Mfupa huchukua wiki sita hadi 12 kupona. Kijana hustahimili. Mzee wa miaka 82 mwenye figo dhaifu na aliyewahi kupata kiharusi mara nyingi aliambiwa tu arudi nyumbani na vidonge vya kupunguza maji mwilini.

Mwaka 1985 daktari wa Ufaransa, Alain Cribier, wa mji wa Rouen, alianza kuwatibu wazee wa aina hiyo kwa kuingiza puto ndani ya vali ya aota na kulijaza ili mlango upanuke. Wagonjwa walipata nafuu upesi, lakini haikudumu. Baada ya miezi vali ilikaza tena. Swali likawa, je, kitu gani kitauzuia mlango usijifunge tena?

Jibu lilitafutwa katika sehemu mbalimbali. Kule Denmark, daktari kijana aitwaye Henning Rud Andersen alihudhuria mkutano Marekani mwaka 1989, akasikiliza maelezo kuhusu vijibomba vya wavu wa chuma vya kuzibua mishipa ya moyo, na akajiuliza kwa nini wavu huo usitengenezwe mkubwa na kushonewa vali ndani yake. Aliporudi kwao alinunua waya katika duka la vifaa vya ujenzi na mioyo ya nguruwe kwa mchinjaji, akaketi na kushona kwa mkono. Tarehe 1 Mei 1989 akaipachika vali hiyo katika moyo wa nguruwe aliye hai bila kumpasua kifua. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1992, lakini ilichukua miaka mingine 10 kabla ya binadamu kuwekewa vali ya aota kwa njia hii.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 16 Aprili 2002, na aliyeifanya kazi hiyo ni yule yule Cribier. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 57, moyo wake umeshindwa, amekataliwa na wapasuaji. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imeziba kiasi kwamba haikuwezekana kupitia huko, hivyo daktari alipitia kwenye vena, akatoboa ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo, na kufika kwenye vali kwa njia ya nyuma. Vali ilifunguka na mgonjwa akapata nafuu. Hata hivyo, alifariki miezi minne hivi baadaye kutokana na matatizo mengine yasiyotokana na vali. Nakutajia hilo kwa sababu magazeti hupenda kusimulia nusu ya kwanza tu ya habari za namna hii.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Kwanza mgonjwa hupigwa picha ya eko, ambayo ni mashine ya mawimbi ya sauti kama ile inayotumiwa kwa wajawazito. Kisha hupigwa picha ya CT ya kifua na mishipa yote hadi mapajani. Picha hii haikwepeki. Ndiyo inayoonyesha ukubwa wa mlango wa vali kwa milimita, wingi wa chokaa, umbali wa matundu ya mishipa inayolisha moyo, na iwapo mshipa wa paja unaweza kupitisha vifaa. Dawa inayodungwa wakati wa picha hiyo huweza kuzidhuru figo zilizodhoofika, basi mweleze daktari mapema kama mgonjwa ana kisukari au shida ya figo.

Siku ya kazi yenyewe, mara nyingi mgonjwa hapewi nusukaputi; hudungwa sindano ya ganzi pajani na dawa ya kumtuliza. Mshipa wa paja hutobolewa, na waya mwembamba hupitishwa hadi moyoni huku madaktari wakiufuatilia kwenye runinga ya eksirei. Juu ya waya huo hupitishwa mpira usiozidi unene wa penseli. Vali mpya imo ndani yake, imekunjwa kama mwavuli. Ni wavu wa chuma wenye vipande vitatu vya ngozi vilivyoshonwa ndani.

Inapofika mahali pake hutokea jambo linaloweza kuwashtua walio chumbani. Ikiwa vali ni ya aina inayofunguliwa kwa puto, moyo huharakishwa kwa umeme hadi mapigo 180 au zaidi kwa dakika. Kwa kasi hiyo moyo hutetemeka tu pasipo kusukuma damu kwa nguvu, kwa hivyo vali haiwezi kusukumwa ikateleza. Kwa sekunde chache hizo puto hujazwa, wavu hutanuka, na vali ya zamani yenye chokaa hukandamizwa ukutani. Puto hutolewa upepo, umeme huzimwa, na damu huanza kupita katika mlango mpya papo hapo. Aina nyingine ya vali hujifungua yenyewe polepole inapotolewa ndani ya mpira, kwa kuwa chuma chake hukumbuka umbo lake kinapopata joto la mwili.

Kazi ikienda vyema huchukua muda wa saa moja au mbili. Wengi husimama na kutembea kesho yake, na kwenda nyumbani baada ya siku chache. Kidonda ni kitundu pajani.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo moja ambalo madaktari wetu mara nyingi husahau kulitaja. Ngozi ya vali hizi hutokana na utando unaofunika moyo wa ng'ombe katika aina fulani, na utando wa nguruwe katika aina nyingine. Kwa Mwislamu hili si jambo dogo, na halifai kugunduliwa baada ya kazi kwisha. Uliza mapema ni aina gani inayokusudiwa, ombe ile ya ng'ombe ikiwa inafaa kwa umbo la moyo wa mgonjwa, na umwendee sheikh wako ukiwa na maelezo kamili. Masheikh wengi huruhusu dharura inapokuwapo, lakini ni haki ya mgonjwa kuamua akiwa na habari zote.

INASAIDIA KWA KIASI GANI?

Uchunguzi uliobadilisha mawazo ya madaktari ulitangazwa mwaka 2010. Wagonjwa 358 waliokuwa dhaifu mno kupasuliwa waligawanywa makundi mawili kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi lililopata matibabu ya kawaida, asilimia 50.7 walikuwa wamefariki. Katika kundi lililowekewa vali kupitia mshipa, waliofariki walikuwa asilimia 30.7. Kwa maneno mengine, kwa kila wagonjwa watano waliowekewa vali, mmoja aliokolewa ambaye angekufa katika mwaka huo. Dawa nyingi tunazozimeza kila siku hazikaribii matokeo hayo.

Mwaka 2019 ukatangazwa uchunguzi mwingine wa wagonjwa 1,000 ambao hawakuwa dhaifu, wastani wa umri wao ukiwa miaka 73. Walioathirika kwa kifo, kiharusi au kurudishwa hospitalini katika mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 8.5 kwa waliotumia njia ya mshipa, na asilimia 15.1 kwa waliopasuliwa. Tangu hapo haikuwa tena tiba ya waliokata tamaa tu.

Lakini tazama tena takwimu za 2010. Hata baada ya kuwekewa vali, karibu theluthi moja walifariki ndani ya mwaka. Walikuwa wazee sana na wenye maradhi mengine, na vali mpya haitibu mapafu, figo wala saratani. Aidha, katika siku 30 za kwanza waliopata kiharusi kikubwa walikuwa asilimia 5 katika kundi la vali, na asilimia 1.1 katika lile lingine. Vifaa vya leo ni vyembamba na bora kuliko vya wakati ule, na hatari hiyo imepungua, ila haijaisha. Chokaa inapokandamizwa, kipande kinaweza kukatika na kusafiri hadi ubongoni.

Hatari nyingine ni mshipa wa paja kupasuka au kuvuja. Damu kupenya pembeni mwa vali mpya pale ambapo haikubana vizuri. Na nyaya za umeme wa moyo, ambazo hupita karibu sana na vali ya aota, kubanwa hadi mapigo yakapungua mno. Mgonjwa wa namna hiyo hulazimika kuwekewa betri ya moyo, kwa hivyo uliza bei ya betri hiyo tangu mwanzo. Jamaa nyingi hushtukia gharama hiyo siku ya pili hospitalini.

KIJANA JE?

Sasa turudi kwa yule msichana aliyeugua koo akiwa mtoto. Baba yake amesoma kuhusu vali ya pajani na anataka bintiye awekewe hiyo. Inasikitisha kumwambia mzazi kwamba hiyo siyo tiba yake, lakini ndivyo ilivyo kwa wengi wao.

Sababu ya kwanza nimeshaitaja: vali ya mitrali iliyoharibiwa na baridi yabisi kwa kawaida haina chokaa ya kutosha kuishikilia vali ya wavu, na umbo la mlango wake si duara. Sababu ya pili ni umri. Vali za ngozi ya mnyama huchakaa. Kwa mzee huweza kudumu miaka 10 hadi 15, na pengine zikamtosha maisha yake yaliyobaki. Kwa kijana huchakaa upesi zaidi, na mtu wa miaka 24 angehitaji kubadilishiwa mara kadhaa. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2020 hupendelea upasuaji kwa walio chini ya miaka 65, njia ya mshipa kwa waliopita 80, na kwa walio katikati mgonjwa na daktari washauriane.

Hata hivyo, kuna njia isiyo ya kupasua ambayo humfaa msichana huyu, na ni ya zamani kuliko ile ya mzee. Mwaka 1982 mpasuaji wa Japani, Kanji Inoue, alitumia puto kuipanua vali ya mitrali. Puto lake hufunguka mbele kwanza, likajishika, kisha nyuma, na mwisho katikati, hadi vipande vya vali vilivyogandana vikaachana pale pale vilipoungana. Hupitishwa kwenye vena ya paja. Hakuna chuma kinachobaki moyoni. Mgonjwa aliyekuwa akilala ameketi huweza kulala chali usiku huo huo, na ni tiba inayoweza kufanywa hata kwa mjamzito aliyezidiwa.

Puto halimfai kila mtu. Vali ikiwa inavuja sana, au pakiwa na donge la damu katika chumba cha juu cha moyo, au ikiwa imekakamaa kabisa, puto litaleta madhara. Ndiyo maana mgonjwa anayepata kovu la mitrali anapaswa kufikishwa kwa daktari wa moyo mapema, vali ikiwa bado laini. Kila mwaka unaopita nyumbani hupunguza nafasi ya puto na kuongeza nafasi ya msumeno.

Kwa wale ambao lazima wapasuliwe, kuna pia upasuaji wa tundu dogo, ambapo kifua hufunguliwa kwa mkato wa sentimita tano hadi nane ubavuni badala ya kukata kidari chote. Usiuchanganye na ule wa pajani. Hapa moyo bado husimamishwa na mashine hutumika; kilichopungua ni kidonda, maumivu na siku za kupona.

Kisha huja uchaguzi mgumu: vali ya chuma au ya ngozi. Ya chuma hudumu miaka mingi sana. Baadhi ya wagonjwa huisikia usiku ikigonga kama saa ya ukutani. Lakini damu huipenda kuigandia, kwa hivyo mwenye nayo hana budi kumeza warfarini kila siku maisha yake yote na kupimwa damu kwa kipimo kiitwacho INR. Kwa vali ya aota kipimo hicho hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kwa ya mitrali kati ya 2.5 na 3.5. Kikiwa chini, damu huganda na vali huziba. Kikiwa juu, mgonjwa hutokwa na damu. Dawa mpya zisizohitaji kipimo hazifai kwa vali za chuma: uchunguzi wa mojawapo ya dawa hizo ulisimamishwa kabla ya wakati na matokeo yake kutangazwa mwaka 2013, kwa kuwa wagonjwa walidhurika.

Mboga za majani, ukianzia sukuma wiki, kunde, managu hadi terere, zina vitamini K ambayo hupunguza nguvu za warfarini. Wagonjwa wengine huambiwa waache mboga kabisa. Si lazima. Kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki baada ya wiki, ili dozi ipangwe kulingana nacho. Anayekula nyama mwezi mzima mjini kisha akaenda mashambani Desemba na kula kunde kila siku hujiweka hatarini. Dawa za maumivu za dukani na za miti shamba nazo zisiguswe bila kumuuliza daktari.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya sita na ya 12. Kwa hivyo wengine huchagua vali ya ngozi wakijua itachakaa. Na hapa ndipo teknolojia ya wazee inapomrudia kijana: vali ya ngozi ikichakaa, mara nyingi mpya huweza kupachikwa ndani yake kwa njia ya mshipa, kama kikombe ndani ya kikombe, bila kufungua kifua mara ya pili. Ikiwa bintiyo anawekewa vali ya ngozi leo, mwombe mpasuaji atie maanani siku hiyo. Vali ndogo mno haitakuwa na nafasi ya kuingizwa nyingine.

PESA

Upasuaji wa moyo hufanywa humu nchini, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Mater na Aga Khan jijini Nairobi, na Tenwek kule Bomet, miongoni mwa nyingine. Wengi bado huelekea India. Vali ya kupitishwa kwenye mshipa ndiyo ghali zaidi. Kifaa chenyewe peke yake, kabla ya kitanda na daktari, huzidi shilingi milioni moja. Bima ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024 ina viwango vyake vya malipo ya upasuaji, na usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba itasaidia. Ombeni hospitali iandike ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani kitabaki juu yenu.

Na je, familia iuze shamba kwa ajili ya mama wa miaka 78? Sitajifanya kuwa na jibu linalowafaa wote, lakini nina maoni. Kama mama alikuwa akijipikia na kwenda kanisani hadi mwaka jana, na kinachomzuia ni vali peke yake, basi vali inaweza kumrudishia maisha hayo, na ni haki yake kufikiriwa kwa dhati. Ikiwa amelala kitandani miaka mitatu na hawatambui wajukuu wake, daktari mwaminifu atawaambia kuwa vali haitabadilisha hilo. Mwulizeni hivi: “Tukimaliza yote haya, mama ataweza kufanya nini ambacho hawezi leo?” Na kabla ya kumwuliza daktari, mwulizeni mama. Nimeona vikao vya ukoo ambapo kila mtu alizungumza isipokuwa mgonjwa.

Mwulizeni pia daktari ameweka vali ngapi za aina hii, na ikiwa pana mpasuaji tayari kama mambo yataharibika katikati ya kazi. Swali hilo si utovu wa heshima. Hospitali nzuri hulitarajia.

Kabla ya vali yoyote kuwekwa, mpeleke mgonjwa kwa daktari wa meno. Jino bovu hupenyeza bakteria katika damu, nao hupenda kujenga makao juu ya vali mpya. Maambukizi hayo huua. Na baada ya vali kuwekwa, kila anapotaka kung'olewa jino amwambie daktari wa meno kwanza, ili apewe dawa ya kuua viini kabla ya kuketi kwenye kiti. Hospitali humpa kadi yenye aina na ukubwa wa vali yake. Aitie pamoja na kitambulisho.